Kaunti Inapopanga Miaka Kumi Mbele: Wananchi Huitwa Lini?

Kila kaunti kati ya 47 za Kenya hutakiwa kisheria kupanga kwanza, kisha kutumia fedha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja mpango wa jumla wa miaka 5, ambao maafisa na wananchi wote huuita CIDP. Inataja pia mipango ya kisekta ya miaka 10, kama vile ya afya, maji na kilimo, na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, unaoonyesha kwenye ramani mahali pa kujenga, pa kulima, pa kuchunga na pa kuachwa kama palivyo. Kaunti nyingine zimejiandikia pia dira zao wenyewe, kama Makueni ilivyofanya na Dira yake ya 2025. Juu ya mipango hiyo yote kuna Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, kabla kaunti hazijazaliwa. Sheria inakataza fedha za umma kutengewa jambo lililo nje ya mipango hii. Maana yake ni kwamba zahanati au kisima kisichokuwa na mahali ndani ya mpango hakina njia halali ya kupata hata shilingi moja, na mwananchi asiyekuwapo mpango ulipoandikwa hujikuta akidai kitu ambacho mlango wake umeshafungwa.

Wajibu wa kuwashirikisha wananchi umeandikwa mahali pengi. Katiba ya 2010 inauweka miongoni mwa maadili ya kitaifa katika Kifungu cha 10, inaurudia katika Kifungu cha 174 kinachoeleza madhumuni ya ugatuzi, na tena katika Kifungu cha 201 kuhusu fedha za umma. Jedwali la Nne linaenda mbele zaidi: linaorodhesha kushirikisha jamii katika utawala kuwa mojawapo ya kazi za kaunti, katika orodha moja na barabara za kaunti, zahanati na masoko. Hilo husahaulika. Barabara hutengewa fedha na mhandisi, ilhali kuwashirikisha watu huachiwa afisa mmoja, gari la kuazima na wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho.

Mahakama zimelifafanua jambo hili kuliko wizara yoyote. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi hiyo ilihusu kodi na ada, lakini hoja zake zimekuwa kipimo cha mipango pia. Mahakama ilieleza kwamba serikali ya kaunti inapaswa kutumia kila jukwaa liwezalo kuwafikia watu: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, na redio za kitaifa na za lugha za wenyeji. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya British American Tobacco kuhusu kanuni za udhibiti wa tumbaku, iliweka vigezo zaidi. Jambo linalojadiliwa lielezwe wazi, utaratibu wake ueleweke, pande zote zipate nafasi ya haki ya kusikilizwa, na washiriki waelimishwe kwanza kuhusu lililo mbele yao. Kampuni ilishindwa katika kesi hiyo, kwa kuwa mahakama iliridhika kwamba ushirikishaji ulifanyika. Kusikilizwa, kwa hiyo, si ahadi ya kupewa kila kilichoombwa, na ni vyema hilo lisemwe mapema barazani kuliko kuachwa ligunduliwe baadaye kwa hasira.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio wa hatua, na Lamu ndiko mahali pa kulitazama hilo kwa makini.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua Lamu ujenzi wa ushoroba wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta vya kuiunganisha pwani ya kaskazini ya Kenya na nchi hizo mbili. Bandari ilichorwa kuwa na gati 32. Ruwaza ya 2030 ilikuwa imeshaupa mradi huu nafasi yake, na kaunti ya Lamu, iliyoanza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, iliukuta tayari ukiendelea. Yaani jambo kubwa kuliko yote katika mustakabali wa kaunti hiyo liliamuliwa kabla kaunti haijapata gavana wala ofisi ya mipango. Wapangaji wa kaunti walibaki na kazi ya kupanga vilivyozunguka bandari, huku bandari yenyewe ikiwa haijadiliki.

Wavuvi walikwenda mahakamani. Maji ya ghuba ya Manda, ambako mchanga ulichimbwa kutoka chini ya bahari ili meli kubwa zipite, yalikuwa malisho ya samaki na njia ya vyombo vidogo, na mikoko iliyokatwa ilikuwa mazalio. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, basi hasara hiyo haikuwa ya wenyeji wa hapo, Waamu na Wabajuni, peke yao. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wenyeji zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupewa taarifa, haki ya utamaduni na haki ya mazingira safi, na ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ilionekana pia kwamba mradi wa ukubwa ule ulihitaji kupimwa wote kwa pamoja, athari zake zikitazamwa katika eneo zima, kabla ya vipande vyake kuanza kujengwa. Upimaji wa kipande kimoja kimoja huficha jumla. Gati tatu zinaweza kuonekana hazina madhara makubwa, na gati 32 pamoja na mji mpya na barabara zake zikawa jambo jingine kabisa. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, fidia ikiwa bado inazungumzwa.

Mradi wa pili wa Lamu ulianguka kwa kosa la upande wa pili. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, iliupa leseni mwaka 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira liliifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, na hata orodha za waliohudhuria zilikuwapo. Ila mikutano hiyo ilifanyika utafiti wa athari ukiwa haujakamilika. Watu waliambiwa mradi unakuja. Hawakuambiwa moshi utakuwa kiasi gani, majivu yatawekwa wapi, wala maji ya moto yatakayorudishwa baharini yatafanya nini kwa samaki. Utafiti ulipotoka, hawakurudiwa ili wausome na kuujibu.

Kesi hizi mbili zikiwekwa pamoja huonyesha dirisha lilivyo finyu. Bandarini wananchi walichelewa kuulizwa, uamuzi ukiwa umekwisha kutolewa. Kwasasi waliulizwa mapema mno, kabla ya kuwapo kitu cha kutolea maoni. Mashauriano ya mkakati hufaa katikati ya nyakati hizo: taarifa ziwe zimekusanywa, na uchaguzi uwe bado haujafanywa. Kwa sababu dirisha hilo hufunguka mara moja na kufungwa upesi, kaunti yenye busara humwita mwananchi mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya rasimu, ili aseme tatizo ni lipi. Mara ya pili ni rasimu ikiwa mezani yenye njia mbili au tatu za kuchagua. Nyingi huita mara moja tu, na huita rasimu ikiwa imeshapigwa chapa.

Mkutano wa kwanza unahitaji takwimu, na takwimu zinahitaji kusemwa kwa lugha ya nyumbani. Sensa ya 2019 iliikuta Lamu na watu 143,920. Katika michoro ya LAPSSET palikuwa na mji mpya wa watu wapatao milioni moja. Mtu akiyasikia mawili hayo kwa pamoja hahitaji shahada ya mipango ili aulize maji yatatoka wapi. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vilivyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, maji ambayo mvua huyajaza polepole na bahari huyanyemelea kwa chini. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi huingia. Wazee wa Shela walilijua hilo kabla ya wataalamu wa maji kuja na vifaa vyao. Hapo ndipo faida ya mashauriano huonekana zaidi. Mwananchi huleta taarifa ambazo hazimo katika jedwali lolote: njia ya mifugo wakati wa ukame, mahali ambapo mto Tana uliwahi kupita, mwambao ambao wanawake huokota kombe na kaa. Ramani ya matumizi ya ardhi isiyokuwa na vitu hivyo huwa safi kuitazama na chungu kuitekeleza.

Suala la nani anafika mkutanoni huamuliwa na kalenda na nauli. Lamu ina wadi 10, nyingine visiwani, nyingine bara. Vyombo vya kuingia Pate au Faza hungoja maji yajae, na mkutano uliotangazwa kwa saa nne asubuhi siku ambayo maji yametoka ni mkutano wa waliolala mjini. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, wavuvi huwa baharini. Wakati wa kusi ndipo wengi hukaa nchi kavu. Ijumaa mchana hakuna baraza. Kwa jamii ya Waboni walio wadi ya Basuba, hali ya usalama katika msitu wa Boni imefanya hata safari ya kwenda zahanati iwe ya kupimwa, sembuse kwenda kutoa maoni kuhusu mwaka 2030. Kaunti isiyoyahesabu haya hupata ukumbi uliojaa, lakini uliojaa watu wale wale: wafanyabiashara wa mjini, wanaotafuta zabuni, vijana waliosafirishwa na mwanasiasa, na wenye mazoea ya semina ambao huuliza posho kabla ya ajenda.

Wanawake ukumbini huwa wengi kuliko wanavyosikika. Mahali ambapo mwanamke kusimama mbele ya wakwe na wazee na kuwapinga huonekana utovu wa adabu, kikao cha wanawake peke yao, chini ya mwezeshaji mwanamke, hutoa mambo ambayo baraza kuu halitayasikia kamwe: umbali wa kisima, taa za njiani, wodi ya wazazi isiyo na mlango. Vivyo hivyo kwa wasioona na wasiosikia, ambao Katiba inawatambua na ambao mikutano mingi huwasahau hadi siku yenyewe. Redio husaidia hapa kuliko karatasi. Rasimu ya kurasa 300 kwa Kiingereza, iliyowekwa kwenye tovuti ya kaunti, imechapishwa kwa maana ya sheria tu. Muhtasari wa kurasa 10 kwa Kiswahili, na kipindi cha saa moja katika kituo cha wenyeji ambapo afisa wa mipango anapokea simu, humfikia hata aliye shambani.

Ugumu mkubwa kuliko yote hutokea ndani ya mkutano wenyewe. Mpango unauliza kuhusu miaka 10. Mwananchi anajibu kuhusu kesho. Anataka mfereji wa maji ufike kijijini, daraja lirudishwe, daktari aletwe. Wataalamu hulalamika kwamba watu hawaoni mbali, na lalamiko hilo halina haki. Mtu aliyeahidiwa daraja katika mpango wa 2013 hadi 2017, akaahidiwa tena katika ule wa 2018 hadi 2022, na akaliona daraja lile lile tena katika ule wa 2023 hadi 2027, ana kila sababu ya kuizungumzia kesho. Kazi ya mwezeshaji ni kulitafsiri ombi liwe chaguo. Vijiji 40 vikiomba visima 40, swali la kuvirudishia ni hili: fedha zikitosha bwawa moja na mabomba, au visima 40 vitakavyokauka katika mwaka wa tatu, wanachagua kipi, na wako tayari kijiji gani kitangulie? Swali la namna hiyo huwakasirisha watu kwa nusu saa, kisha huwafanya waanze kupanga. Bila swali hilo mkakati hugeuka kuwa orodha ya manunuzi iliyokusanywa wadi kwa wadi, kila mwakilishi wadi akihesabu miradi yake, na jumla yake ikizidi mapato ya kaunti mara kadhaa.

Makueni imesifiwa sana kwa kulishughulikia hili, na sifa nyingi inazistahili. Chini ya gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, kaunti hiyo ya wadi 30 ilijenga ngazi za mashauriano zinazoanzia kijijini. Kijiji hujadili mahitaji yake na kuchagua wawakilishi. Wawakilishi hukutana na wenzao wa vijiji jirani, kisha wadi, kisha kaunti ndogo, hadi kaunti nzima. Kila ngazi hupunguza orodha, na anayepunguza ni jirani aliyechaguliwa, ambaye atalazimika kurudi nyumbani kueleza kwa nini kisima cha kwao hakikupita. Hilo la kurudi nyumbani ndilo lenye nguvu. Baada ya mpango kupita, wakazi huchagua kamati za miradi za kuifuatilia kazi ya mkandarasi. Mfumo huo ni ghali, unachukua miezi, na unachosha. Kaunti zilizojaribu kuunakili bila kuajiri maafisa wa kuuendesha mashinani zimebaki na majina ya ngazi bila watu ndani yake. Pia ulisaidiwa na jambo ambalo haliwezi kunakiliwa kwa sheria: gavana aliyetoka katika harakati za kutetea katiba mpya, na ambaye mwenyewe alikuwa mhadhiri wa sheria.

Ngazi ya kijiji, kwa hakika, imo katika sheria ya nchi nzima. Sheria ya 2012 inaruhusu msimamizi wa kijiji na baraza la kijiji, chini ya wadi. Kaunti nyingi hazikuviunda kwa wakati, zikitaja gharama, na mahali pengi baraza la chifu, ambaye ni afisa wa serikali ya kitaifa, ndilo limekuwa likibeba mikutano ya kaunti. Mwananchi hapo huona meza ile ile iliyomletea amri za miaka iliyopita sasa ikimwomba maoni. Haishangazi kwamba hupiga makofi, hunyamaza, na kwenda zake.

Maoni yakishatolewa yanahitaji kuandikwa, na hapa kaunti hutofautiana mno. Rekodi iliyo dhaifu husema tu kwamba mkutano ulifanyika, idadi ya watu ilikuwa kadhaa, na picha ni hizi hapa. Rekodi nzuri huandika kila hoja, imetoka wadi gani, idara gani iliijibu, na kama imeingia katika mpango au imekataliwa, kwa sababu gani. Sababu ya kukataa ndiyo sehemu ngumu kuandikwa, maana afisa hapendi kuweka saini chini ya neno "hapana" mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Hata hivyo ni sehemu hiyo inayomrudisha mwananchi kwenye mkutano wa pili. Mtu aliyekataliwa kwa hoja atakuja kubishana. Aliyepuuzwa hatakuja tena.

Kutoka hapo rasimu huenda kwa gavana na kamati yake kuu, kisha kwa bunge la kaunti, ambalo nalo linabanwa na Kifungu cha 196 kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Kwa hiyo kuna nafasi moja zaidi ya kusikilizwa, mbele ya kamati ya bunge, nafasi ambayo mashirika ya kiraia huitumia na wanakijiji wachache huijua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaongeza Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo gavana huketi na wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na jumuiya za dini. Jukwaa hilo huwa na uzito pale linapoitwa kabla ya hesabu kufungwa. Linapoitwa ili kupewa taarifa, wajumbe wake huwa hadhira nyingine tu.

Mpango ukishapitishwa hukatwa vipande vya mwaka mmoja mmoja. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kila hatua inadai mashauriano yake, na matokeo yake ni uchovu: mwananchi wa wadi moja anaweza kuitwa mara tatu au nne kwa mwaka, mbali na vikao vya serikali kuu, akiulizwa karibu maswali yale yale na maafisa wasiojuana. Kaunti zilizounganisha vikao hivyo, zikamwendea mwananchi na daftari moja linaloonyesha alichosema mwaka uliopita na kilichotendwa, zimepunguza uchovu huo pamoja na gharama.

Mkakati wa miaka 10 huweza kupita mikononi mwa magavana wawili au watatu, na gavana mpya hupenda kuanza na jina jipya. Sheria inaruhusu mpango kurekebishwa, lakini marekebisho nayo yanatakiwa kutangazwa na wananchi kupewa nafasi ya kuyasemea kabla bunge la kaunti halijayapitisha. Kizazi cha tatu cha CIDP kinakwisha mwaka 2027, mwaka ule ule wa uchaguzi mkuu, na kile cha nne kitaandikwa na watu watakaokuwa wameingia ofisini miezi michache tu kabla ya tarehe ya mwisho. Ndiyo maana maafisa wa mipango wenye uzoefu huanza kukusanya takwimu na kumbukumbu za mikutano ya wadi kabla ya kampeni kupamba moto, ili serikali itakayoingia, iwe ya nani, ikute mezani yale ambayo wananchi wamekwisha kuyasema.